Mkate wa Kabula

Daktari aliyeniambia nina ugonjwa wa seliaki ni binti wa umri wa wanafunzi wangu wa mwisho kabla sijastaafu ualimu, na alianza kwa kuniomba radhi. "Mwalimu, samahani, tumechelewa kukuelewa," alisema. Kuchelewa kwenyewe si kwa wiki mbili. Kwa miaka mingi nimekuwa mteja wa vidonge vya kuongeza damu, namaliza kopo hili naanza lile, na damu haiongezeki. Nimevunjika mkono kwa kuinua ndoo ya maji isiyojaa. Kila niliyemwendea alinipa jina lake: uzee, uchovu, mawazo. Mmoja alinishauri niache kuwaza sana, nikamuuliza kama yeye huacha saa ngapi. Huyu binti ndiye wa kwanza kunipima kitu kingine. Alinitoa damu, akanipeleka kwa wenzake wakanishusha mpira wenye kamera kooni, jambo ambalo simwombei mtu, kisha akaniambia kwamba utumbo wangu haupatani na ngano. Nilimcheka. Nikamwambia nimelelewa kwenye nyumba ya mwoka mikate, nimekula mkate tangu nilipoota meno, na tumbo langu halijawahi kunisumbua hata kwa maharage ya shule. Akasema, "Ndiyo maana ulitupotezea njia. Walimu wetu walifundishwa kwamba huu ni ugonjwa wa watoto wadogo, tena wa Ulaya. Tumbo linafura, miguu inakonda, anaharisha asikome. Siku hizi wengi tunaowapata ni watu wazima kama wewe. Damu imepungua, mifupa imelegea, na tumbo lenyewe limetulia tu. Ugonjwa ni ule ule, ila hauji tena kwa sura ile." Halafu akachukua kalamu akaniuliza kama katika ukoo wa mama yangu aliwahi kuwako mtoto mwenye sura ile ya zamani, maana jambo hili hurithiwa.

Nilijibu kwamba alikuwako mmoja, wa mdogo wake mama yangu, akiitwa Kabula, na alifariki kwetu Tabora akiwa na miaka minne. Nikamweleza alivyokuwa. Binti yule aliacha kuandika. "Siwezi kumpima mtu aliyekwisha kuzikwa, Mwalimu, na siwezi kukuapia," alisema. "Lakini kama angeletwa kwangu leo, ngano ndicho kitu cha kwanza ningemnyima." Nilitoka pale na karatasi yenye orodha ya vyakula, nikakaa kwenye benchi la nje, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaogopa kurudi nyumbani kwangu mwenyewe. Mama yake Kabula yu hai. Anaitwa Nyamizi, anakaa kijijini Ziba, na tangu siku ya mazishi ameamini kwamba nyumba yetu ilimlisha mwanawe kitu kikamuua. Sisi tulisema ni uchungu uliomvuruga akili. Tulisema hivyo kwa upole, kwa huruma, karibu miaka hamsini, na mama yangu alikwenda kaburini akisema hivyo. Sasa nilikuwa na karatasi mkononi inayosema huenda mwanamke yule alikuwa sawa. Ilinibidi niamue kama nitamwambia, na kabla ya kuamua, niukumbuke mwaka ule wote pamoja na sehemu ninayozoea kuiruka.

Ulikuwa mwaka wa njaa, ule wa operesheni ya vijiji, watu walipohamishwa kutoka kwenye kaya zao za mbali mbali na kupangwa kwa mistari kando ya barabara. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea mwaka ule, na nilikuwa nimekasirika na dunia nzima kuanzia mkuu wa shule hadi kuku. Kazi yangu ilikuwa kumsaidia mama kuoka. Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Ng'ambo, Tabora mjini, ndefu kama behewa, na ukumbi wake ulianzia mlango wa mbele ukaishia uani. Uani kulikuwa na tanuri la matofali ya udongo ambalo mama alilithamini kuliko kitanda chake. Alikuwa anaoka mikate ya kupeleka kwenye bweni moja la shule na wodi moja ya hospitali, na kwa ajili hiyo duka la serikali lilimgawia unga wa ngano. Elewa maana yake kwa mwaka ule. Watu walikuwa wanapanga foleni tangu asubuhi kwa unga wa njano wa mahindi ya msaada, ambao wengine waliudharau wakasema huko ulikotoka walikuwa wanalishwa farasi, na bado wakagombana waupate. Sisi tulikuwa na magunia mawili ya ngano yameegemezwa ukutani chumbani kwa mama, yamefunikwa kitenge kana kwamba ni wazee wamelala. Harufu ya mkate ilikuwa inatoka uani inaenda mtaa mzima, na mama alikuwa anaionea aibu. Akawa anatoa vipande kwa majirani. Bi Tatu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa anapokea kwa mikono miwili, anashukuru, kisha anasema kwa sauti ya kusikika hadi kwetu, "Mwajuma nyumba yake haijui njaa. Haya, Mungu ndiye mgawaji."

Mama mdogo Nyamizi alimleta Kabula mvua zilipokuwa zimeshindwa kabisa. Walishuka kwenye lori la pamba lililokuwa tupu, wamejaa vumbi hadi kwenye kope. Kule Ziba nyumba yao ya zamani ilikuwa imeshabomolewa, wamepewa kiwanja chenye namba, na walikuwa wanalala chini ya nyasi wakati mumewe akitafuta nguzo. Ng'ombe walikuwa wanakufa. Mama mdogo alikuwa amebeba kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa na kukaushwa juani, akamkabidhi mama akisema ndicho alichonacho. Kabula alikuwa amekonda, lakini kukonda kwa mbuzi anayekimbia. Alikuwa anaongea bila kupumua, Kiswahili kimechanganyika na Kisukuma, na jioni ile alipanda juu ya gunia la ngano akalicheza kama ngoma. Maisha yake yote alikuwa amekula ugali wa uwele na mlenda. Mkate alikuwa hajawahi kuuona. Mama alimkatia kipande kikubwa, akakipaka asali ya msituni, akamweka mtoto mapajani. Nakumbuka tulivyokaa mduara kumwangalia anavyokula, tunacheka alivyolamba vidole. Mama mdogo alitokwa na machozi. Alisema, "Dada, mnenepeshe. Mimi nitakuja kumchukua mavuno yakipatikana." Mama akamjibu, "Kwangu mtoto hatalala na njaa hata siku moja, nakuahidi." Na ahadi hiyo aliitimiza kwa mkono wake, kila siku.

Ilichukua kama miezi miwili. Kwanza aliacha kucheza ngoma. Halafu choo kikawa hakikatiki, na harufu yake haikuwa ya kawaida ya tumbo la mtoto. Ilikuwa inakaa ukumbini hata baada ya kudeki kwa majivu. Mikono na miguu vikanyauka, makalio yakawa ngozi tupu inayoning'inia, na katikati yake tumbo likafura likang'aa. Nywele zikawa nyepesi za rangi ya vumbi. Kitu kilichoniudhi mimi, na naandika neno kuniudhi kwa sababu ndilo la kweli, ni kwamba alikuwa mkali. Yule mtoto wa maneno mengi akawa wa kununa na kulia, akisogezewa sahani anageuza uso ukutani. Mimi ndiye niliyekuwa nafua nguo zake. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, wenzangu wachache waliochaguliwa wamekwenda shule kwa treni na masanduku mapya, na mimi nipo uani nafua kinyesi. Mama alimpeleka hospitali. Mganga msaidizi, mtu mpole aliyechoka, alimpa dawa ya minyoo, na alipoona haisaidii, mara ya pili akaandika kwenye kadi kwamba ana utapiamlo. Mama alirudi nyumbani ameona aibu. "Utapiamlo! Nyumba yenye unga! Watu wakisikia watasema namlia mtoto wa mdogo wangu chakula." Nikamuuliza mganga ameshauri nini. Akasema, "Chakula laini, chenye nguvu, kidogo kidogo, mara nyingi." Kwa watu wa kwetu chakula laini cha mgonjwa kilikuwa kimoja tu. Mtu akilazwa hapelekewi uwele wala mtama, hicho ni chakula cha mwenye afya na jembe. Anapelekewa mkate na chai ya maziwa, ndiyo heshima ya ugonjwa. Mama aliondoa ugali kabisa kwenye sahani ya Kabula. Akawa anamlowekea mkate kwenye maziwa asubuhi, adhuhuri uji wa ngano, jioni mkate tena.

Nimefundisha sayansi kimu miaka thelathini. Nimechora ubaoni makundi ya vyakula mara nisizoweza kuhesabu, na kila mwaka nimechora mkate upande wa vyakula vya kutia nguvu, na kila mwaka chaki haikunitetemeka. Hilo nalo linanisumbua siku hizi, ingawa najua ni upuuzi, maana kwa watoto karibu wote wa darasani mkate ulikuwa chakula tu. Nafikiri ndilo jambo gumu kuliko yote kulieleza. Mama hakukosea kwa uvivu wala kwa uchoyo. Alikuwa anachukua kilicho bora kuliko vyote ndani ya nyumba, kitu ambacho Bi Tatu angekipigania, na kumpa mtoto asiye wake kabla ya wake. Kadiri alivyoumwa ndivyo alivyopewa zaidi. Mimi nilikuwa nabaki na gamba la chini lililoungua, nikawa namwonea wivu.

Halafu, katikati ya kiangazi, yalitokea majuma matatu ambayo kama ningeyaelewa wakati ule, leo ningekuwa mtu mwingine. Behewa lililokuwa linaleta unga halikufika. Magunia yakaisha, tanuri likapoa, na tukaingia kwenye njia ya watu wote: muhogo, mboga za porini, na ile michembe ya Mama mdogo ambayo ilikuwa imesahauliwa kwenye kikapu juu ya dari. Mama aliichemsha na karanga kidogo. Alimwomba Kabula msamaha huku anampa, "Vumilia mwanangu, chakula cha wagonjwa kimeisha." Kabula alikula. Alikula akaomba tena. Juma la pili choo kilikatika. Juma la tatu nilitoka kuteka maji nikarudi nikamkuta amesimama kwenye kizingiti anamwimbia jogoo wa Bi Tatu, na tumbo limeshuka kiasi cha kanga kumpwaya. Tulishangilia. Lakini siku chache tu kabla unga haujaisha, mama alikuwa amekwenda kwa maalimu wa chuo cha Kurani cha jirani, akaandikiwa kombe, zile aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa maji, na Kabula alikuwa ameyanywa. Nani angefikiria michembe? Kwa kila mtu mtaani, Kabula alikuwa ameponywa na kombe. Na mimi pia niliamini.

Kwa hiyo behewa lilipofika, mama alifanya sadaka. Alioka mikate mikubwa, akakaanga chapati na kaimati, akaalika wanawake wa mtaa na wanafunzi wa chuo waje wasome dua ya shukrani. Kabula alivalishwa gauni jipya la kitambaa cha maua lililoshonwa na mama mwenyewe. Alikaa katikati ya mkeka, na kila mwanamke aliyeingia alimega kipande akamtia mdomoni kwa baraka. Bi Tatu alisema, "Kula mama, kula ushibe, uwatie aibu maadui." Wanawake wakaitikia kwa vigelegele. Juma halikupita, akaanza tena, na safari hii vibaya kuliko mwanzo. Maneno nayo yakageuka. Nilikuwa uani nyuma ya ukuta naanika nguo nikamsikia Bi Tatu akimwambia mwenzake, "Mtoto anapona unga ukiisha, anaumwa unga ukija. Kuna kitu kwenye nyumba ile. Biashara ya watu ina masharti yake." Yaani alikuwa anasema mama yangu anamtoa mtoto kafara ili mikate ipate baraka. Nilimpelekea mama maneno yale moto moto. Alikaa chini kwenye kuni. Bi Tatu alikuwa ameona sawasawa, kwa macho makali kuliko ya mganga msaidizi, na alichokiona akakipa jina la uchawi. Na sisi kwa sababu ya jina lile tukakataa kuona.

Sehemu ninayozoea kuiruka ni hii. Kabula alianza kukubali mkate kwa urahisi. Nilikuwa nampa, nageuka kuendelea na kazi, nikirudi sahani tupu. Nilimsifu mbele ya mama. Siku moja nilisogeza mtungi wa maji nideki chini yake, nikakuta mstari wa sisimizi, na nyuma ya mtungi, vimepangwa vizuri kando ya ukuta, vipande vya mkate vya siku nne au tano, vingine vimeota ukungu. Nyumba za jirani watu walikuwa wanachemsha mizizi. Nilimwita. Alikuja akitembea na mkono ukutani, miguu ile, akaona nilichoona, akasimama. Nikamuuliza ni nini hiki. Akasema, "Dada, unaniuma." Nikamwambia mkate hauumi, njaa ndiyo inauma, na yeye ni mtoto mkorofi asiye na shukrani. Akarudia, "Unaniuma humu," akaweka kiganja juu ya kitovu. Nilimpiga. Nilimpiga kwa mwiko wa kukorogea uji, mara tatu miguuni, mahali palipokuwa na mfupa tu. Kisha nikachukua mkate mpya wa asubuhi ile nikamkalisha chini nikamsimamia akaula wote, kipande kwa kipande, analia na kumeza, na nilipomaliza nilijiona nimefanya jambo la maana. Sikumwambia mama. Sikumwambia mume wangu, Mungu amrehemu, wala watoto wangu. Kwa daktari nilisimulia yote isipokuwa hili.

Mama alimtumia mdogo wake salamu kwa dereva wa lori, naye akaja baada ya siku sita, sehemu kubwa kwa miguu. Alipomwona mtoto alimbeba akaingia naye chumba cha mwisho, akafunga mlango, akakaa naye peke yake mchana kutwa, tukasikia tu anavyomwimbia kwa lugha yao. Mchana mama alibisha hodi, akawapitishia sinia, akarudi. Alasiri Mama mdogo alitoka akasema anamchukua. Hapo ndipo mama na yeye walipogombana, ukumbini, mimi nimekaa kwenye kizingiti. Mama mdogo alisema, "Dada, nilikuletea mtoto anayecheza." Mama akasema, "Utampeleka wapi? Chini ya nyasi? Utamlisha nini?" "Uwele tunaopata." "Uwele! Mtoto hawezi kusimama, umpe uwele? Hapa kuna maziwa, kuna mkate, kuna hospitali. Nyamizi, ukimtoa hapa akakufia njiani, utanilaumu mimi?" Walirushiana hivyo hadi sauti zikakauka. Mimi nilijua kitu ambacho wao hawakukijua, yaani kwamba mtoto mwenyewe alikuwa amesema ni nini kinamuuma. Nilikuwa na nafasi ya kufungua mdomo. Lakini kusema kungekuwa kueleza habari ya mwiko, nikanyamaza nikafuta futa kizingiti. Mama mdogo aliondoka kesho yake peke yake. Kabula alifariki juma la kwanza la mvua. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba mwanamume mmoja tu alimbeba hadi makaburini, kwenye mikono yake, kama anayebeba nguo zilizokunjwa.

Mama mdogo aliwahi mazishi kwa sababu alikuwa tayari njiani kuja. Aliingia kumwosha mwanawe. Alipotoka, wanawake wamejaa ukumbini, alisimama mbele ya mama yangu akamuuliza mara moja tu, "Mlimlisha nini mwanangu?" Mama alifungua mikono. Watu wote waliiona mitupu. Tangu siku ile Mama mdogo hakukanyaga kwetu. Mama alipofariki tulimpelekea habari, hakuja. Mama alikuwa ameacha kuoka mwaka ule ule. Alivunja tanuri kwa mpini wa jembe, matofali yakatumika kuzibia banda la kuku, na maisha yake yote yaliyobaki hakuruhusu mtu amwite mwoka mikate.

Nilikwenda Ziba. Niliamua kwamba mwanamke aliyeuliza swali mbele za watu anastahili kujibiwa hata kama ni kwa kuchelewa, na niseme ukweli, niliamua pia kwamba nimechoka kubeba. Nilipanda basi hadi Nzega, nikabadilisha, na kutoka kituoni kijana wa bodaboda alinifikisha hadi mlangoni bila kuniuliza namba ya nyumba, kwa kuwa kila mtu anamjua bibi Nyamizi. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda anabangua karanga, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, macho mazima. Nikapiga magoti. "Shikamoo mama mdogo." Aliitikia bila kuacha kubangua. "Marahaba. Wewe ni Zuhura wa Mwajuma. Umezeeka vibaya." Nikasema ndiyo, ninaumwa, na ndiyo sababu ya kuja. Nikamwambia kila kitu kwa mpangilio, kama nafundisha: kwamba kuna ugonjwa, kwamba mtu huzaliwa na udhaifu wake, kwamba ngano ndiyo huuamsha, kwamba ninao mimi na huenda Kabula alikuwa nao, ila kwake ulikuja na tumbo na kwangu umekuja na damu. Kwamba daktari hawezi kuapa. Kwamba mama hakumroga mtu; alimpa mkate kwa sababu alimpenda. Kisha nikamwambia habari ya mtungi na habari ya mwiko. Sikulia, nilikuwa nimejikataza. Aliendelea kubangua hadi nilipofika kwenye mwiko, mikono ikasimama.

"Alilia?" aliuliza.

"Alilia sana, mama."

"Basi siku hiyo nguvu alikuwa nazo bado. Wewe ulikuwa mtoto. Una mori, lakini mtoto." Nikaanza kumshukuru, wabeja, wabeja sana, na yeye alikuwa hanisikilizi tena. Alikuwa anatazama karanga kwenye ungo. "Ngano," alisema. "Mkate ule ule wa Mwajuma, wa tanuri?"

"Ndiyo."

"Siku ile nilipokuja tukagombana. Mama yako alituletea sinia chumbani. Mkate na maziwa."

Nilielewa anakoelekea kabla hajafika, na nikatamani nifute safari yote. Nikasema haraka kwamba siku ile unga wa ngano ulikuwa umetuishia, kwamba ule ulikuwa wa mahindi ya msaada, mama alikuwa anajaribu. Nilisema kwa sauti ya mwalimu, ile isiyopingwa.

"Ulikuwa mweupe, Zuhura." Hakunikasirikia. "Niliutafuna mwenyewe ukalainika, nikamtilia mdomoni kwa vidole, hivi. Kidogo kidogo. Hadi sinia ikaisha. Nikasema moyoni, hawa hawajui kumlisha." Alinyanyua vidole vyake viwili akavitazama. "Kwenu alikuwa anaukataa. Kwangu mimi alifungua mdomo."